Chachu ya Nani?

Msininunie nikitaja pombe humu kanisani. Baadhi yenu mmeacha vyungu nyumbani, najua.

Kulikuwa na mjane mmoja, huko juu kabisa milimani, kwenye baridi ya kung'ata mifupa. Mama yake alitokea bondeni kwenye joto, akaja kuolewa huko mlimani akiwa amebeba kibuyu cha chachu ya kwao. Baridi ikaishinda ile chachu. Basi akaacha chungu wazi kando ya msitu; chachu ya mwituni, iliyozoea baridi, ikaingia na kuchanganyika na ile kidogo iliyobaki hai. Ikazaliwa chachu mpya, si ya bondeni wala ya mlimani. Watu wakaiita chotara, na binti yake, ndiye huyu mjane, wakamwita hivyo hivyo. Hata alipozeeka hakuna aliyekwenda kwake kuomba chachu. Alipika kidogo, akanywa peke yake, na upweke ulimuuma kuliko ile baridi.

Mwaka mmoja sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, ikaanguka wiki ya harusi. Vyungu vyote vikalala kimya, pombe isichachuke, isipokuwa cha mjane. Baba wa bwana harusi akaja kwake kupitia mlango wa nyuma.

"Mama, nisitiri," akasema.

Mjane akampa chachu yote, hata ya kuanzia chungu chake hakubakiza. Alikuwa na furaha jamani! Maana desturi ya huko, pombe hainywewi mpaka mzee aonje na kuuliza chachu ni ya nani. Mwenyewe husimama, hunywa wa kwanza, na tangu siku hiyo huwa mtu wa nyumba ile.

Siku ikafika. Mjane akavaa kitenge chake kizuri, akaketi benchi la nyuma. Mzee akaonja, akafumba macho.

"Tamu hii. Chachu ya nani?"

Mjane alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Ya kwetu," baba wa bwana harusi akajibu. "Ya ukoo."

Vigelegele vikapigwa. Mjane akajifanya anaweka kitenge sawa, akaketi tena.

Niwaulize: wangapi pale walijua? Vyungu vyote vimelala, hiyo pombe walidhani imetoka wapi? Nani alifungua kinywa?

Ndugu zangu, sisi si yule baba. Sisi ni wale wa vigelegele, kata ya pombe mkononi. Kilichotoka kwa mtu tunakipenda, mwenyewe tunamwacha aketi.

Benchi letu la nyuma kabisa leo lina mtu. Nimelitaja, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama ni nani. Basi sote tunamjua.