Sahani ya Bati ya Bi Nyamizi

"Sahani iliyojaa haitoi shikamoo." Mmeisikia leo, mkacheka, mkauliza tangu lini sahani ikasalimu watu. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Katika nchi ya Unyamwezi aliishi mrina asali aitwaye Mihayo. Baba hakuwa naye, alikwisha kufariki. Ndugu wa tumbo moja hakuwa naye. Mke hakuwa naye, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Njaa pia hakuwa nayo, wala mama yake, Bi Nyamizi, aliyekaa chumba cha uani, hakuijua njaa. Kila mlo Mihayo alimpelekea kwa mkono wake sahani ya bati iliyofurika: ugali, kuku, uyoga wa masika, na asali pembeni. Majirani walitania, "Bi Nyamizi anakula kumshinda mke wa bwana shauri wa wilaya!" Mihayo alivimba kichwa. Alijiona mwana mwema asiye na mfano.

Huko Uchina ya kale, mwalimu Konfusio alifundisha kwamba mtu huanza kuwa mtu kwa heshima anayompa mzazi wake. Mihayo fundisho hilo alilipata kwa sahani.

Siku moja alikuja mjomba wake, Mzee Lugusha, kaka wa Bi Nyamizi, kumwandikia barua ya posa. Mihayo alimtaka Kalunde, binti wa mhunzi, na mhunzi asingepokea barua isiyotoka kwa mjomba. Kabla ya kuandika, mzee alitaka kumjulia hali dada yake. Akasimama nje ya mlango, huku Mihayo akiingia na sahani. Mihayo aliiweka mkekani, akatoka. Hapo wakasikia sauti ndani:

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mizinga imejaa? Na ule mguu ulioumwa na nyuki, umepoa?"

Mjomba akatabasamu. "Kumbe mna mgeni! Mtoto wa nani huyo mwenye adabu?"

"Hakuna mtoto humo, mjomba."

Wakasukuma mlango. Bi Nyamizi alikuwa peke yake, ameiinamia sahani, kiganja chake kikiupapasa ukingo wa bati kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

Mihayo akamaka. "Mama! Umerukwa na akili?"

"Akili zangu timamu," alijibu. "Nilizaa mwana. Asubuhi haniamkii, jioni haniagi. Anayekuja kunitazama ni sahani. Basi naiitikia sahani."

Mzee Lugusha aliketi mkekani. Akauliza, "Mihayo, mbwa wako unamlisha?"

"Namlisha, mjomba."

"Ukimlisha unafanyaje?"

"Nampigia mluzi. Namwita jina."

"Ala! Kumbe mbwa huitwa!"

Mihayo akauliza, "Na barua, mjomba?"

"Barua gani? Nimtoe binti wa watu kwao aje kuishi na sahani? Siandiki!"

Mihayo akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Bi Nyamizi hakumgeukia. Aliitazama sahani, kana kwamba ndiyo iliyosema. Mihayo alihofu kuliko alivyopata kuhofu maishani mwake. Akaisogeza sahani kando.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Mama akamshika mashavu. "Marahaba," alisema taratibu. "Kumbe sauti yako imekuwa ya baba yako. Sikujua."

Hata hivyo mjomba hakuandika siku hiyo. Alikuwa akizuka asubuhi bila taarifa, anasimama nje ya mlango, anasikiliza, anaondoka. Msimu wa asali ulipokwisha ndipo alipoomba kalamu. Bi Nyamizi alikaa ubavuni pake, akisema la kuandika na kukataa maneno yaliyozidi sukari. Walipomaliza, mzee alimgeukia mpwa wake.

"Ukijaliwa watoto uwaambie, Mihayo. Sahani iliyojaa haitoi shikamoo."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akamkabidhi mshenga, naye akashika njia ya kwa mhunzi.