Faili la Sitini na Moja

Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, ziweke chini kwanza, maana hadithi hii inatia kichefuchefu.

Kulikuwa na watu watatu katika ofisi moja ya kutetea wafanyakazi wa mashamba ya maua, kule Usa River. Anaeli alijua kusoma: mpe kurasa mia, atakuonyesha mistari kumi yenye uzito. Kisioki alijua kompyuta, programu za Python aliziandika kama mwingine anavyoandika barua. Ndeshi alikuwa na macho, kosa halikumpita. Basi ndivyo walivyojisifu.

Wanawake themanini wa mashambani walihojiwa, kila mmoja na faili lake. Waliahidiwa jambo moja: majina yenu hayatatoka. Mama Eliamani, mkata maua, alisimulia jinsi msimamizi alivyowashikashika wasichana kwenye chumba cha baridi. Mwishoni akataja jina lake, la binti yake, na nyumba wanayokaa. Aliamini ahadi, masikini.

Anaeli akasoma mafaili yote. Kila palipofaa kutangazwa aliweka alama ya kufungua na alama ya kufunga. Kwenye faili la sitini na moja, la Mama Eliamani, alifungua, simu ikaita, hakufunga.

Kisioki akaandika programu yake. Ikikuta alama ya kufungua inaanza kunakili, ikikuta ya kufunga inaacha, na yote inayapeleka kwenye faili moja la ripoti. Alijua mtu anaweza kusahau kufunga. Angeweza kuiamuru isitoe ripoti mpaka alama ipatikane. Akaiachia inakili mpaka mwisho wa faili, ila itoe onyo kwenye skrini.

"Onyo linatosha," alisema. Mvivu huyo!

Ndeshi ndiye aliyeiendesha. Onyo likatoka: faili la 61 halijafungwa. Akaliona, jamani, kwa macho yake yale anayojisifia! Akasema, "Aa, hizi kompyuta nazo," akapitia kurasa kumi za mwanzo, akapeleka ripoti kuchapwa.

Ripoti ikafika mezani kwa msimamizi, jina la Mama Eliamani, la binti yake na nyumba yao vikiwemo. Mama Eliamani akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na binti yake akaacha shule kwa vitisho vya njiani.

Mnadhani wale watatu walilia? Thubutu! Ripoti ilikuwa imepewa ngao ya tuzo, na walikuwa wakigombania nani apigwe picha nayo. Walipoletewa habari za Mama Eliamani, hakuna aliyekubali tena kwamba ripoti ni yake.

"Programu ilionya," alisema Kisioki.

"Mimi sikuunda kitu kinachomwaga siri za watu," alisema Anaeli.

"Mngenipa kazi safi, ningetoa safi," alisema Ndeshi.

Ptuu! Hata kuwataja nasikia kinyaa.

Mama Eliamani hakudai kitu. Alituma ujumbe mmoja tu: "Najua mko watatu. Msije watatu, mtafichana. Aje mmoja, asimame mbele ya mwanangu, aseme: ni mimi."

Mpaka leo hodi haijapigwa pale kwake.

Haya, ninyi mnaotazamana. Aende nani? Aliyesahau kufunga, aliyejua hatari akaiachia, au aliyeliona onyo akapita? Msiniambie wote; wakienda wote watafichana, mama mwenyewe alikwisha sema. Nitajieni jina moja, yule binti anasubiri mlangoni.