Nyati Afumba Macho Chemchemini

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na majirani, kulikuwa na kijiji chenye chemchemi moja tu. Nusu ya wanakijiji walisali wakilielekea jua, nusu wakiuelekea mlima. Wakishamaliza, wote walichota maji palepale, wakasengenyana kidogo, wakarudi kupika.

Basi Nyati akautaka uchifu. Sijui nani alimdanganya kwamba pembe ni akili. Akawaahidi watu wa jua kwamba akishinda, watu wa mlima hawatatia mguu chemchemini. Kesho yake akawaahidi watu wa mlima vilevile, kageuza majina tu.

Bi Pimbi wa mlima alipomsimulia ahadi hiyo jirani yake, Bi Kobe wa jua, wakagundua uongo huo. Pimbi aliogopa kwelikweli. Nyati akishinda, watoto wa nani watakufa kiu, wake au wa Kobe?

Wakapanga hila: Kobe akawaeleza watu wa jua, naye Pimbi akamwendea Nyati, akamwambia kwamba watu wa jua wanamwomba awaongoze sala asubuhi, pale chemchemini, kisha arudie ahadi yake.

"Wewe si wa mlima?" Nyati akauliza.

"Wa mlima ni jirani zangu, mzee. Mimi ni wa mshindi."

Nyati akacheka, akamwamini.

Sasa, desturi ya watu wa jua ni hii: anayeongoza sala hufumba macho, wala hafumbui mpaka wote waitikie "Na iwe." Nyati akafumba. Pimbi akawaingiza watu wa mlima kimya kimya, wakaketi kando ya wenzao.

"Ee Jua," Nyati akanguruma, "mtu wa mlima akionekana hapa, nitampiga pembe, puu!"

Hakuna aliyeitikia. Nyati akarudia kwa sauti kubwa zaidi, jasho likimtiririka.

"Na kule mlimani uliahidi kumpiga nani?" Bi Kobe akauliza.

"Ah, mama, wale nawadanganya tu," Nyati akajibu, macho bado kayafumba. "Wajinga wale."

"Fumbua macho, mzee," akasema Pimbi. "Wajinga tumeshafika."

Nyati akafumbua, akaona kijiji kizima. Akaligeukia jua, akaugeukia mlima, akageuka tena na tena mpaka kizunguzungu kikamwangusha topeni, chubwi! Kijiji kikacheka, kikachota maji, na uchifu hakuupata.

Ndiyo maana nawaambia: anayetaka kutugawia maji tumuulize habari za maji, sala zetu atuachie wenyewe.