Boneti la Gari la Ngoda

Kitendawili! Hakina jino, lakini ukikiacha mahali pamoja kinakula hadi mfupa. Panya? Panya ana meno, wewe! Haya, nipeni mji. Ni mashine ya umeme ya kung'arishia magari. Na humo ndimo ilimotoka methali mliyoisikia asubuhi: Mng'aro ukizidi, bati huchungulia. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha ni babu yenu. Mungu amrehemu, alinichosha mtu yule.

Kaka yangu Ngoda, fundi rangi wa Korogwe, alituazima gari lake jeusi limpeleke shangazi yenu Mwanahawa kwa mumewe. Rangi ile aliipaka mwenyewe, miezi mitatu. Akaleta na mashine, akamwelekeza babu yenu: "Shemeji, mwendo wa chini. Sponji ilale bapa, itembee, isisimame. Kwenye mikunjo bandika tepu, rangi pale ni nyembamba. Waya uweke begani usikwaruze. Na uguse kwa kiganja kila mara. Pakiwa pa moto, acha papoe."

"Nimesikia," akasema babu yenu. Alisikia nini, sijui mpaka leo.

Sasa, mtaani kwetu wanawake wa upande wa bwana harusi hujitazama kwenye boneti kabla bibi harusi hajapanda. Wasipojiona, huimba kejeli njia nzima. Saa nane, babu yenu akiwa bado anang'arisha, akaja Bi Kijoli, shangazi wa bwana harusi, na wenzake. Akainama.

"Naona shungi tu. Pua yangu iko wapi?"

Basi! Babu yenu akapandisha mwendo hadi mwisho, tepu hajabandika, akaiegemea mashine kwenye mkunjo wa boneti kama anayekuna nazi.

"Baba Mwanahawa, isogeze!" nikamwambia.

"Bado pua."

"Gusa basi!"

"Mke wangu, pilau linaungua."

Kilichoungua si pilau. Nikagusa mwenyewe, nikaruka. "Unatafuta nini hapo?" nikamuuliza. Akazidi kukandamiza. Mara harufu ya rangi ikatupanda puani, naye akazima mashine. Palikuwa peupe pe, duara kama kisahani.

Bi Kijoli akainama tena. "Alaa! Pua bado, lakini chuma nakiona vizuri." Wenzake wakaanza kupiga vigelegele vya dhihaka. Mlangoni Mwanahawa, keshavishwa, akalengwalengwa na machozi.

Ngoda akaja, nikamweleza yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alipitisha kiganja kando ya kidonda kile kama anayempima mtoto homa.

"Shemeji, gari hili lilikuwa linang'aa tangu saa sita. Dada yangu kakuuliza, nami nakuuliza: ulikuwa unatafuta nini? Hatuwashi gari mpaka ujibu."

Wanawake wakasogea wasikie. Babu yenu akamtazama bintiye, akalitazama boneti, akavua kofia.

"Nilikuwa natafuta mng'aro juu ya mng'aro, shemeji," akasema. "Kumbe mng'aro ukizidi, bati huchungulia."