Video Iliyofika Nyeusi

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo kabla hatujashukuru kwa makubwa, nataka tushukuru kwa kidude kimoja kidogo ambacho hata waliokitengeneza hatuwajui.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa. Mwanawe wa pekee, mwenye masikio mazima, alipata kazi ya uuguzi nchi ya mbali. Akipiga simu, alizoea kuongea na mama yake mdogo, naye mama mdogo akimtafsiria dada yake kwa mikono. Kisha simu zikapungua. Majirani, nanyi majirani mnawajua, wakaanza kusema kijana amefika Ulaya, sasa anamwonea haya mama yake bubu.

Siku moja kijana akatuma video kwa barua pepe ya usharika, kwa sababu simu ya nyumbani ilikuwa ya tochi, isiyopokea video. Wale dada wawili wakaenda ofisini, kwenye kompyuta kuukuu iliyowekewa Linux, mfumo unaogawiwa bure. Katibu akaifungua video kwenye kivinjari. Kioo kikawa cheusi tii. Sauti ilikuwepo: kiti kikalia, mtu akavuta pumzi, mlango ukafungwa mahali. Basi. Mama mdogo akatega sikio mpaka mwisho, akingoja kuitwa jina kama kwenye simu.

Mama akamgusa bega, akamuuliza kijana amesemaje.

"Hajasema kitu, dada," mwenzake akajibu kwa mikono. "Katuma giza."

Mama akarudi nyumbani, akaishusha picha ya mwanawe ukutani, akaifunika kwa vitambaa vya wateja. Nani hapa angemlaumu?

Wiki iliyofuata katibu alitaka kuwaonyesha wanakwaya video ya tamasha lao wenyewe. Wimbo ukasikika, kioo kikawa cheusi vilevile. Hapo akashtuka. Kumbe kosa halikuwa la video. Video hufungashwa kabla ya kutumwa, na kivinjari kile kilikosa kodeki, yaani kidude cha kuifungulia. Akakitafuta mtandaoni, akakiweka, wala hakudaiwa kitu. Kwaya yote ikaonekana, hata yule aliyeimba amevaa kandambili. Katibu hakungoja wimbo uishe. Alikwenda kuwaita wale dada.

Safari hii kijana akaonekana, amekaa kitini, mdomo kaufumba, mikono inakwenda mbio. Ilikuwa inamwambia mama yake: "Huku wagonjwa wasioweza kuongea naitiwa mimi. Wakubwa wangu wanauliza nilijifunza wapi kusikiliza kwa macho. Nawaambia, kwa mama yangu. Asante, mama."

Mama mdogo akajifunika uso kwa kanga. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba irudiwe, ikarudiwa. Kisha akataka kujua nani aliyetengeneza kile kidude.

"Siwajui, mama," katibu akasema, na mama mdogo akatafsiri. "Ni wengi. Walikitengeneza, wakawaachia watu."

Mama akaigeukia ile kompyuta, akainua mikono yote miwili juu, akaitikisa. Hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

Sasa niwaulize: siku ile ya kwanza pale ofisini, asiyesikia alikuwa nani? Si yule mama mdogo mwenye masikio mazima? Na sisi je? Mara ngapi tumeomba, tukatega sikio, tukatoka hapa tukisema Mungu hajasema kitu, katuma giza? Naye muda wote alikuwa anasema kwa mikono. Mikono ya aliyekesha nawe hospitali. Mikono ya jirani aliyekuletea uji, yuleyule unayemsema. Mikono ya watu usiowajua, walioacha kazi yao bure ili mama mmoja amwone mwanawe. Picha ilikuwemo, ndugu zangu. Kilichopungua kilikuwa upande wetu.

Kwa hiyo leo hatupigi makofi. Inueni mikono, nyote, hata wewe mzee wa pale nyuma. Itikiseni. Kimya kimya hivyohivyo. Yeye anaona.