Kenchi za Msitu wa Pili

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana sikuuandika popote, kilikuwapo kijiji cha milimani kule Uheheni, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Juu ya kijiji palikuwa na msitu wa misonobari. Msitu uliwapa mbao, ukawapa kuni, ukawapa uyoga, na mizizi yake ikaushika mlima usiteremke.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, moto ukaja. Nani aliuwasha? Hakuna aliyesema. Ukala msitu wote, ukala na nyumba ya Onorata, mjane mwenye wajukuu watatu. Mvua zilipoanza, mlima ukateremka. Tope likafukia maharage mashambani, kijito kikawa rangi ya chai ya maziwa. Maseremala wakafunga randa zao wakahama. Tena wale watu walikuwa wamezoea kusema, "Aa, miti tu hiyo!"

Wakakubaliana kupanda upya. Wakasema, siku msitu utakapotoa kenchi za kwanza za kuezekea nyumba moja, apewe aliyeurudisha. Neno jepesi kulisema!

Onorata, aliyekuwa sasa analala kibandani, akaenda kwenye msonobari mmoja uliobaki hai. Akaukwea, na umri wake ule, akachuma matunda yake makavu, akayaanika, akapata mbegu, akazisia kitaluni. Miche ikaota, ikafika urefu wa kidole, ikawa njano. Akaimwagilia maji, njano. Akaipa samadi, njano. Akasia upya, njano vilevile. Akakaa chini akalia.

Jirani yake Mbwilo, mtu wa maneno machache, alimwona. Akakumbuka kwamba chini ya misonobari ya zamani udongo ulikuwa na nyuzi nyeupe zilizoshikana na mizizi, na uyoga uliota papo hapo. Akavuka bonde hadi msitu mwingine, mwendo wa siku nzima, akarudi na kiroba cha udongo mgongoni.

"Mbwilo," watu wakamcheka, "huku kwetu udongo umekwisha?"

Akaenda tena, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Safari arobaini. Akauchanganya na udongo wa kitalu, na miche ikawa kijani. Haya, wacheke sasa!

Wakapanda miche mlima mzima. Mwaka wa nne moto mwingine ukapanda kutoka bondeni, na njiani palikuwa na mianzi ya Sekinyaga, mwanamke mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mianzi ile ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomvisha. Lakini majani yake yalikuwa makavu, na moto ukifika pale ungeruka moja kwa moja hadi kwenye miti michanga. Sekinyaga akashika panga, akakata. Akakata shina la kwanza huku analia, akakata la mwisho huku analia, majirani wakiburuta na kufagia. Moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukakosa cha kula. Visiki havikuchipua tena, na tangu siku hiyo Sekinyaga aliishi kwa vibarua vya kulima mashamba ya wenzake.

Mwaka wa kumi na mbili walipunguza miti iliyosongamana, wakapasua kenchi. Za nyumba moja tu. Kijito kilikuwa kimetakata, uyoga umerudi, hata maseremala wawili wamerudi na randa zao. Watu wakakutana mbele ya zile kenchi, mawingu yamening'inia.

Onorata akasema, "Mbegu nilichuma mimi. Wajukuu wangu wanalowa kila masika. Bila mimi, leo mngekuwa na nini?"

Sekinyaga akasema, "Nakuheshimu, dada, lakini miche yako ingekuwa majivu. Nilikata riziki yangu kwa mkono wangu. Nataka nyumba niuze chai, nipumzike na vibarua. Bila mimi, leo mngekuwa na nini?"

Mbwilo akasogea nyuma ya watu. Mkewe ndiye aliyesema, "Ndugu zangu, nyumba yetu ina kuta bila paa mwaka wa kumi na mbili huu. Watoto watano tunalala nao jikoni. Bila udongo wa mume wangu, leo mngekuwa na nini?"

Watu wakateta, wakateta, wakakubaliana: apewe Mbwilo. Vijana wakainua kenchi ya kwanza.

"Itueni," Mbwilo akasema. "Moto wa kwanza niliuwasha mimi. Nilikuwa nachoma shamba langu, upepo ukageuka, nikakimbia. Ningeezekaje nyumba yangu, nami nimeichoma ya Onorata? Bila mimi, msitu wa kwanza ungekuwapo."

Mkewe akajifunika uso kwa kanga. Sekinyaga akasema polepole, "Kumbe mianzi yangu niliikata kuokoa toba ya mtu."

Onorata akamgeukia Mbwilo. "Miaka kumi na miwili," akasema, "kila asubuhi namlaani aliyechoma nyumba yangu, na kila asubuhi namwombea baraka aliyeniletea udongo. Sasa mtu ni mmoja. Nifanyeje naye?"

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kenchi, na mbao mbichi zikiachwa mvuani hupinda. Msinitazame mimi, mimi nina paa langu. Semeni ninyi, tena upesi: je, nani alistahili?