Nzuri, Ila...

Mwaka ule mvua ilikuja Kimete, ikachungulia, ikaondoka zake bila hata kuaga. Mito ikakauka, visima vikabaki mashimo matupu, na wanyama wote wakajikuta wanategemea ziwa moja tu, ziwa dogo ambalo ukianza kulizunguka asubuhi unamaliza kabla umande haujakauka. Kila mmoja alijenga kandokando yake. Na kwa kuwa majirani walikuwa wengi na maji machache, ikaundwa kamati. Wangefanya nini kingine?

Mwenyekiti alikuwa Simba. Hakuchaguliwa; alikaa tu kwenye kiti, na hakutokea mtu wa kumwinua. Mkaguzi Mkuu wa Usafi na Usalama wa Maji alikuwa Fisi. Naam, Fisi. Usinikodolee macho, kwani wewe umeona kamati ngapi? Siku ya uteuzi Fisi alisimama mbele ya wote, akasema kwamba hakuna mwenye pua kali kumshinda, na kwamba kitu kikioza popote pale, wa kwanza kujua ni yeye. Hilo lilikuwa kweli tupu, na wakampigia makofi. Kasuku akapewa ukarani kwa sababu hasahau neno.

Kazi ya kamati ilikuwa nyepesi. Kila asubuhi wanyama walikusanyika chini ya jabali la Simba, na nyumba yenye zamu ikatoa msemaji. Simba alinguruma, "Habari za maji?" Msemaji akajibu, "Nzuri." Kasuku akapaza sauti ili ziwa zima lisikie, "Nzuri! Nzuri!" Kikao kikaisha.

Sasa, mtu aliyelelewa vizuri Kimete akiulizwa habari, hujibu nzuri kwanza. Hata nyumba ikiwa inaungua, nzuri kwanza, halafu ndiyo inakuja ile ila. "Nzuri, ila paa limeshika moto." Ndiyo adabu, na kila mtu anajua kwamba habari yenyewe imo kwenye ila. Kila mtu isipokuwa Simba. Yeye akishasikia nzuri alikuwa tayari ameinuka anajinyoosha, maana aliamini kwamba ziwa la mfalme mkubwa kama yeye haliwezi kuwa na ila yoyote. Fisi alipoligundua hilo, akalifanya kuwa kanuni: karani ashike neno la kwanza tu. Linalofuata baada ya ila ni umbeya, halihesabiwi.

"Tunaokoa muda," Fisi alieleza.

Nungunungu alijaribu siku moja kuiruka ile nzuri. Aliulizwa habari za maji, akajibu, "Mbaya." Loo! Baraza zima liliguna. Mbaya, mbele ya mfalme, asubuhi yote ile, hata salamu hazijapoa! Akafukuzwa ziwani siku hiyo hiyo kwa kosa la utovu wa adabu. Tangu hapo maji ya Kimete yakawa mazuri kila siku.

Yalikuwa mazuri yalipoota utando wa kijani. Yalikuwa mazuri kambale walipoelea matumbo juu. Na kule kwenye matete, ambako Fisi alikuwa amesimika kibao kilichosema UKAGUZI UNAENDELEA, USIKARIBIE, yalikuwa mazuri hata ukipita mbali lazima uzibe pua.

Aliyechoshwa na uzuri wote huo alikuwa Sungura, ambaye wenzake walimwita Mama Tunu kwa jina la bintiye. Tunu alikuwa mtoto wake wa pekee, na ilikuwa siku ya nne tumbo linamwendesha. Mama alimtafunia majani ya mpera, akamkanda, akampa maji, na kila alipompa maji hali ilizidi. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Hakulia tena, na hilo lilimtia mama yake hofu kuliko kilio chote cha siku tatu za kwanza.

"Habari za tumbo, mwanangu?"

"Nzuri, mama," Tunu akanong'ona. "Ila..." Akasinzia kabla hajamaliza.

Mama Tunu akatoka mbio hadi kwa Fisi. Alimkuta amejilaza kivulini, amenona, katika mwaka ambao mbavu za wengine wote zilikuwa zinahesabika kwa macho.

"Bwana Mkaguzi, maji yanatuulia watoto."

"Umeyapima, shemeji?"

"Nimeyanusa."

"Kunusa ni utaalamu," alisema Fisi, "huo niachie mimi. Leo asubuhi nimenusa mwenyewe. Harufu ni ya kawaida."

"Ya kawaida kwa nani?"

Fisi akacheka ile he-he-hee yake. "Mtoto anaota meno huyo."

"Tunu alishaota meno zamani."

"Basi anaota mengine."

Mama Tunu akameza hasira, akapiga magoti. "Nipe basi kibuyu kimoja cha chemchemi. Kimoja tu."

Chemchemi yenyewe ilikuwa nyuma ya jabali, ndogo, safi, na ilikuwa ya Simba peke yake. Aliyemchotea alikuwa Fisi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya ziwa hakuwa ameonja maji ya ziwa tangu kamati ianze, na mambo yalikwenda vizuri sana.

"Maji ya mfalme?" Fisi akashika kifua. "Unataka nipoteze cheo? Nenda, shemeji. Kesho ni zamu yako barazani. Sema nzuri, kisha urudi ukalee mtoto."

Mama Tunu aliondoka. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye matete, akakipita kile kibao na onyo lake, akaingia majini mpaka yakamfika kidevuni. Akaona mguu wa nyati. Pembeni yake mbavu za pundamilia, halafu kichwa, halafu vitu ambavyo havikuwa tena na jina. Mizoga ya ukame mzima ilikuwa imelazwa pale, imekandamizwa kwa mawe ili tai wasiione. Mkaguzi Mkuu alikuwa amegeuza ziwa kuwa ghala lake la nyama. Mama Tunu alitapika hapo hapo.

Alipopata pumzi akakaa ukingoni, akawaza. Aseme nzuri, ila Fisi ameficha mizoga? Ataishia kwenye nzuri. Aseme mbaya? Atamfuata Nungunungu nyikani, na mtoto mahututi mgongoni. Aliwaza mpaka masikio yote mawili yakalala. Kisha likasimama moja. Kisha la pili. Anayemjua Sungura angeanza kumwonea Fisi huruma kuanzia dakika ile.

Asubuhi baraza likajaa. Simba akatikisa manyoya ya shingo, akahakikisha wote wameyaona, akanguruma.

"Habari za maji?"

"Tamu!" akasema Mama Tunu.

Simba, ambaye alikuwa ameshaanza kuinuka, akakaa tena. "Tamu! Tamu!" Kasuku akapaza, kwani kazi ni kazi.

"Tamu kivipi?" akauliza Simba.

"Mfalme, nzuri ni neno dogo. Kule kwenye matete maji yamekuwa supu. Supu nzito, mafuta yanang'aa juu! Sisi wanyonge tunakunywa asubuhi na jioni, tunakuombea dua. Tunasikitika tu kwamba wewe, mfalme wetu, unaletewa yale maji ya chemchemi, yasiyo na ladha yoyote."

 Simba akamgeukia Fisi.

"Raia wangu wanakunywa supu," alisema taratibu, "na mimi nakunywa maji matupu?"

"Mfalme, huyu anatia chumvi tu!" Fisi akadakia.

"Chumvi ndiyo pekee iliyokosekana," alisema Mama Tunu. "Mengine yote yamo."

Ikawa basi. Simba alishuka jabalini, baraza zima likamfuata nyuma. Kile kibao alikikanyaga bila kukisoma. Alipofika kwenye matete harufu ikampiga usoni, macho yakamtoka machozi, lakini hebu niambie, mfalme atarudije nyuma na watu wote wanamtazama? Akainama. Akapiga mafunda matatu makubwa. Uso ulijikunja mpaka masharubu yakagusana.

"Ni supu," alisema kwa taabu, "ya kifalme."

"Na bado hujafika kwenye minofu, Mfalme. Iko chini." Mama Tunu akawageukia wengine, akapaza sauti. "Jamani, nani ana njaa? Mwenye meno ya nyama aingie avute! Hii ni mali ya ziwa, haina mwenyewe. Chui, huo hapo mguu wa nyati karibu nawe. Vuta, baba, usione haya!"

Chui hajawahi kuona haya. Akaingia, akauma, akavuta.

Fisi alijitahidi, tusimnyime haki yake. Aling'ata ulimi. Alifumba macho. Alijigeuza akatazama milima. Lakini akausikia mguu unachomoka topeni, mguu ule ule wa nyati aliouweka kwa mikono yake, ambao kwa hesabu zake ulikuwa umebakiza siku mbili tu kuiva.

"Yangu!" akapiga yowe. "Yangu hiyo! Achia, Chui!"

Wote wakamgeukia. Juu ya matete Kasuku akafanya kazi yake. "Yangu! Yangu!" Ikasikika hadi ng'ambo ya ziwa.

Simba akageuka, tumbo lake likiwa limeanza kunguruma kabla yake. "Mkaguzi, nyama hii iliyo ndani ya maji ni ya nani?"

"Yangu, Mfalme, ila..."

"Karani," Mama Tunu aliuliza kwa upole, "umeshika neno lipi?"

"Yangu!" akasema Kasuku.

"Ila niliiweka kwa ajili ya ukaguzi!" Fisi alilia. "Ila ni sampuli! Ila..."

"Linalofuata baada ya ila ni umbeya," Kasuku akamkumbusha, neno kwa neno, kwa sauti ya Fisi mwenyewe. "Halihesabiwi. Tunaokoa muda."

Siku ile Fisi aliitoa mizoga yote kwa mdomo wake mwenyewe, mmoja mmoja, akaizika mbali na maji, na hakuruhusiwa kumeza hata tonge. Alilia njia nzima. Nungunungu aliitwa kutoka nyikani amsindikize, na kila Fisi aliposita kidogo na kulamba midomo, Nungunungu alimsogelea kwa nyuma, karibu kabisa, miiba imesimama.

Kesho yake Simba alichelewa barazani. Alipanda jabali polepole, akaketi kwa tahadhari kubwa.

"Habari za asubuhi, Mfalme?" akauliza Mama Tunu.

"Nzuri," alijibu Simba kwa sauti ya heshima zake zote. "Ila..."

Hakumaliza. Aliruka kutoka jabalini akatokomea kichakani, mkia juu. Baraza likasubiri. Hakuna aliyethubutu kucheka, kila mmoja alitazama kucha zake tu na mabega yanatikisika. Simba aliporudi, amelegea, akatoa amri mbili. Ya kwanza, chemchemi iwe ya wote mpaka ziwa lipone, na wagonjwa wachotewe mwanzo. Ya pili, kuanzia siku hiyo barazani hakuna kuulizana habari za maji. Mwenyekiti atauliza, "Ila ipi?" na atakaa kitako mpaka amalize kusikia.

Mama Tunu hakungoja amri ya pili. Alikuwa ameshafika chemchemini na kibuyu.

Alimnywesha Tunu kidogo kidogo, siku nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Asubuhi ya nne akamwinamia mwanawe kitandani.

"Habari za tumbo, mwanangu?"

"Nzuri."

Mama Tunu akasubiri, masikio yamesimama wima, akaingoja ile ila ifike. Tunu alikuwa ameshatoka nje kutafuta kitu cha kutafuna.